Likizo ya wawili Ulaya bila kukimbizana: Ziwa Como, Venice na Vienna

Safari yetu ya kwanza ya Ulaya mimi na mume wangu tulimaliza miji sita kwa siku kumi, Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, Berlin, Prague, yaani kila ukizoea kitanda unafunga begi, na ukiniuliza leo nakumbuka nini nitakwambia ngazi za stesheni na baba watoto anahema na sutikesi mbili huku mi nimenuna kwa sababu nilisema tutoke mapema na hakusikia. Picha zote tunacheka lakini. Tuliporudi Dar mama mkwe akatuangalia tu akauliza, nyie mlienda kupumzika au kubeba zege?

Ya pili tukaipanga tofauti kabisa, usiku 11, vituo vitatu, na hiyo ndo naielezea hapa.

Hatua ya 1: hesabu usiku, miji itakuja yenyewe

Kila mkihama mji mnapoteza nusu siku hata kama treni yenyewe ni ya masaa mawili. Hoteli nyingi zinataka mtoke saa 4 au 5 asubuhi, chumba kipya hamkipati mpaka saa 9 alasiri, hapo katikati mnazurura na mabegi kama wapangaji waliofukuzwa. Sheria yetu ikawa moja tu, kama hatuwezi kulala usiku 3 mahali hatuendi. Mkiwa na wiki mbili kasoro basi ni vituo vitatu, na kama mtu wenu alienda nchi saba kwa wiki mbili mwacheni na picha zake.

Halafu kabla ya kufungua ramani kila mtu achukue karatasi yake aandike vitu vitatu anavyovitaka, bila kuchungulia ya mwenzie. Mi niliandika kukaa karibu na maji, kulala mpaka nichoke mwenyewe, na kahawa ambayo hakuna mtu ananinyanyua mezani. Yeye akaandika treni ya milimani, samaki, na mji usiokuwa na magari, maana foleni za Ubungo zimemmaliza. Tukacheka, lakini ukiangalia vizuri njia yote ilikuwa ipo kwenye zile karatasi mbili. Varenna pale Ziwa Como, Italia, usiku 4, Venice hapo hapo Italia usiku 3, Vienna ya Austria usiku 4. Kijiji kimetangulia kwa sababu mnafika na uchovu wa ndege na pale hakuna kitu cha kukimbilia, mji mkubwa umewekwa mwisho kwa sababu kuna maduka na uwanja wa ndege upo karibu.

Hatua ya 2: chagueni mwezi

Mei, Juni mwanzoni, au Septemba. Julai na Agosti joto kali, watu wengi, bei juu, na Agosti 15 ni sikukuu kubwa Italia nao wenyewe wanahamia kwenye maziwa na baharini. Kuanzia Novemba hoteli nyingi za Ziwa Como zinafunga mpaka machipuko. Venice nayo miezi ya baridi maji yanaweza kupanda mpaka njiani, ingawa tangu 2020 wana ile mitambo ya kuzuia bahari isiingie na imesaidia sana.

Kwa Waislamu mjiandae na kitu kimoja, mwezi wa Juni Vienna jua linazama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo magharibi ni saa 3 na isha mnaikuta mshaanza kusinzia. Sisi wa kwetu tumezoea saa 12 na nusu, inachanganya siku mbili za mwanzo.

Hatua ya 3: viza, na hapa msiwe na haraka

Hii ndo sehemu inayowaangusha watu na mara nyingi sio kwa sababu hawana hela, ni kwamba wamepanga safari kwanza ndo wakaanza kuuliza viza inaombwa wapi.

Italia na Austria zote ziko Schengen, nchi 29 sasa hivi, viza moja inatosha mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Uingereza haimo na Ireland haimo, kwa hiyo ukisema utapitia London kumsalimia binamu hiyo ni viza nyingine kabisa. Sasa sheria yenyewe inasema unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana basi ile utakayoingia kwanza. Angalia mpango wetu, usiku 7 Italia na 4 Austria, kwa hiyo maombi ni Italia, na Italia ina ubalozi Dar. Tungegeuza tukakaa siku nyingi Austria ingebidi tufuate utaratibu wao na ubalozi wao uko Nairobi. Yaani kabla hujagawa usiku angalia ni nchi gani kati ya hizo inapokea maombi hapo ulipo, halafu hiyo ndo uipe siku nyingi. Sio ujanja huo, ni kupanga, ila ukisema utakaa Italia siku 7 ukae kweli.

Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila siku 15 ni za mtu anayetaka presha. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 na wanaweza kwenda mpaka 45, na kabla ya hapo kuna kusubiri apointimenti ambayo karibu na msimu wa joto inajaa. Safari ya Mei tulianza kushughulikia Februari mwanzoni na hata hivyo roho ilikuwa juu.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na kama maombi yanapokelewa na kituo cha wakala ongeza gharama yao. Hairudi ukinyimwa. Pasi ya kusafiria iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na uhai wa miezi 3 mbele baada ya siku ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000 na ifanye kazi Schengen nzima, na hii usichukue ya bei ya chini bila kusoma maana kuna zinazoruka vitu vya msingi. Kama ulishawahi kuchukuliwa alama za vidole ndani ya miaka mitano kasoro kidogo wanaweza kutumia zile zile.

Karatasi zingine ni barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo na unarudi lini, au kama una biashara basi leseni na usajili, steitimenti za benki za miezi ya karibuni, buking za hoteli, mpango wa ndege, cheti cha ndoa. Hoteli shika zile unazoweza kufuta bure. Ndege weka rizevesheni tu, msilipie tiketi kabla viza haijagongwa. Na steitimenti jamani, ile tabia ya kukopa kwa shangazi milioni kadhaa zikae akaunti wiki moja ili pananone, wanaiona. Hela iliyoingia ghafla bila maelezo inaharibu kuliko akaunti ndogo yenye mshahara unaoingia kila mwezi. Kama kweli mmeuza kiwanja basi ambatanisha karatasi za mauzo.

Kila mmoja ana faili lake kamili hata kama mumeo ndo analipa kila kitu. Sisi mwanzo tuliweka nakala moja ya cheti cha ndoa tukarudishwa dirishani, tukatoka mbio kutafuta stesheneri, na mchana ule wa jua la Dar nilikumbuka zege la mama mkwe.

Kitu kipya ni kwamba tangu Oktoba 2025 mpakani wameanza kuchukua picha ya uso na vidole kwa wageni badala ya muhuri tu, kwa hiyo foleni ya kuingia inaweza kuwa ndefu. Ukaguzi unafanyika uwanja wa kwanza wa Schengen mnaotua. Mkipitia Amsterdam kwenda Milan basi ni Amsterdam, na kama mmejipa lisaa limoja la kubadili ndege hapo mtaomba dua.

Hatua ya 4: ndege mbili za miji miwili

Msikate tiketi ya kwenda na kurudi mji ule ule. Kwenye ukurasa wa kutafuta ndege kuna sehemu ya miji mingi, weka Dar kwenda Milan, halafu Vienna kwenda Dar. Emirates, Qatar Airways, Turkish na Ethiopian zote zinaruka kwenda miji hiyo miwili, na mara nyingi bei haitofautiani sana na tiketi ya kawaida. Mkirudi Milan kupanda ndege mmeua siku nzima na hela ya treni juu.

Hatua ya 5: treni

Hapa baba watoto ndo alikuwa waziri wa uchukuzi. Kutoka uwanja wa Malpensa kuna treni mpaka Milano Centrale, stesheni kuu ya Milan, chini kidogo ya lisaa, pale mnabadilisha mnachukua ya kawaida inayoelekea Tirano, kama lisaa hivi mnashuka Varenna. Kaeni upande wa kushoto. Baada ya Lecco ziwa linatokea dirishani ghafla na watu wa upande wa kulia wanaanza kunyanyuka kuchungulia juu ya vichwa vyenu.

Treni hizo za kawaida bei ni ile ile hata ukinunua siku hiyo hiyo, wala msiharakie. Ila tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine ukutani kabla ya kupanda, bila hivyo ni faini na kujifanya mgeni hakusaidii. Treni za kasi ni kinyume chake, ukiwahi mapema bei ndogo, ukichelewa unalia. Mkitoka Varenna mnarudi Milan, na Milan mpaka Venice ni masaa mawili na nusu hivi. Mshuke Venezia Santa Lucia, ile ya mwisho kabisa, Mestre ni bara na wengi wanashuka pale kwa kupaniki.

Italia migomo ya treni ipo na huwa inatangazwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo wiki ya safari ingia ukaangalie. Hata siku ya mgomo, siku za kazi, treni za kawaida kuna muda zinalazimika kutembea, saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku. Sisi ulitukuta siku ya kutoka Varenna, tukapanda ya asubuhi na mapema, basi.

Venice kwenda Vienna ipo ya moja kwa moja, masaa saba hivi. Najua mtasema ndege ni lisaa, lakini hesabu kwenda uwanjani, kupima mabegi, kuvua viatu, na hii treni yenyewe ni starehe, inapanda Alps mnakula ndizi zenu. Karibu na mwisho inapita Semmering, reli iliyojengwa 1848 mpaka 1854 juu ya madaraja ya mawe, mume wangu alisimama dirishani kama mtoto. Reli ya Austria inauza tiketi za bei ya punguzo kwa wanaowahi, na kwa euro chache unashikiwa siti yako kabisa, ongeza, masaa saba ni mengi kusimama.

Hatua ya 6: siku zenyewe, na mziache wazi

Mpango wetu ulikuwa kitu kimoja kwa siku. Kimoja. Kikiisha saa 5 asubuhi basi kimeisha.

*Varenna.* Kijiji kidogo, ngazi na vichochoro vya mawe, kwa hiyo begi la magurudumu litakuaibisha, muulize mwenye hoteli kabla kama ni karibu na stesheni na ngazi ngapi. Siku ya kwanza msifanye chochote zaidi ya kutembea ile njia ya ukingoni mwa ziwa ambayo wanaiita njia ya wapendanao, ndogo tu, mnakaa kwenye benchi mnaangalia feri. Siku ya pili feri kwenda Bellagio, dakika 15, mtembee bustani ya Villa Melzi mrudi kabla ya jioni. Siku ya tatu sisi tulilala. Kweli kabisa, tuliamka saa 5.

Chakula cha pale sikutegemea. Wana samaki wa ziwani wanawatia chumvi wanawakausha juani, wanaitwa missoltini, wanawachoma kidogo wanawaleta na polenta, na polenta wala sio kitu kigeni, ni ugali wa unga wa njano. Mume wangu alionja akaniangalia akasema, mama, hii ng'onda. Tumesafiri masaa yote hayo tukala ugali na ng'onda kwa euro.

*Venice.* Visiwa 118 na madaraja zaidi ya 400, karibu yote yana ngazi, kwa hiyo chagueni hoteli karibu na kituo cha boti. Mtaa wa Cannaregio au Dorsoduro, sio pale San Marco kwenyewe. Waliowahi kuishi Mji Mkongwe au Lamu wataelewa haraka, vichochoro ni vya kupotea na kupotea ndo raha yenyewe, weka simu mfukoni. Wageni wengi wanakuja asubuhi wanaondoka jioni, kwa hiyo kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 1 jioni mji ni wenu, mchana lala au panda boti mwende Burano, kile kisiwa cha nyumba za rangi, kama dakika 45.

Tiketi ya boti ya kawaida ni euro 9.50 kwa dakika 75, ghali, chukua pasi ya siku kadhaa. Gondola bei ya serikali mchana ni euro 90 kwa boti nzima nusu saa, sio kwa kichwa, usiku 110, na mtu akikutajia zaidi nenda kwa mwingine. Mkitaka tu kuonja kuna gondola za kuvusha watu upande wa pili wa mfereji mkubwa, euro 2, dakika mbili tatu, tulipanda hiyo mara nne. Kuna pia ada ya kuingia mji siku fulani za msimu, ila ni ya wanaokuja kushinda. Mkilala hotelini hamlipi, lakini mnatakiwa kujiandikisha mtandaoni kwamba mmesamehewa, na hotelini kuna kodi ndogo ya kila usiku ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa. Msikae kula kwenye ngazi pale San Marco, ni faini, na njiwa pia msiwalishe.

*Vienna.* Hapa ndo kahawa yangu. Unaagiza kikombe kimoja, kinakuja kwenye sinia ndogo ya chuma na glasi ya maji, na unakaa mpaka uchoke, hakuna anayekutolea macho. Maji ya bomba yanatoka milimani na ni matamu, msinunue ya chupa. Bustani za kasri la Schönbrunn bure, pandeni mpaka kile kilima cha juu jioni. Ile picha ya busu ya mchoraji Klimt ipo makumbusho ya Belvedere, sisi tulikata tiketi mtandaoni, tukakaa mbele yake nusu saa, baba watoto akauliza kama hiyo ni dhahabu kweli. Ni dhahabu kweli.

Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kwa hiyo shopingi isiwekwe siku hiyo. Treni za chini hazina geti lakini tiketi mpya ya karatasi igongwe, wakaguzi wanavaa kama abiria na faini inazidi euro 100.

Wasiokula nguruwe, Austria jina la Wiener Schnitzel peke yake lazima iwe ya ndama, ukiona maneno vom Schwein ndo nguruwe. Halali tulipata kirahisi soko la Brunnenmarkt, pale kuna Waturuki wengi. Varenna na Venice tulibaki na samaki tu.

Hatua ya 7: hela na begi

Nchi zote mbili ni euro. Kadi mpigie simu benki wakufungulie matumizi ya nje kabla hujaondoka, na mbebe kadi mbili za benki tofauti maana moja huwa inagoma siku mbaya. Mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, bonyeza euro, ukichagua shilingi wanakupigia reti yao mbaya. Kahawa Italia ukinywa umesimama kaunta ni bei ndogo kuliko mezani, na ukikaa mgahawani kwenye bili kuna pesa ya kiti, usigombane, ndo utaratibu.

Begi moja la saizi ya kati kila mtu, ambalo unaweza kulibeba mwenyewe ngazi 30. Jaribuni nyumbani. Mi nilitoa viatu jozi tatu baada ya jaribio hilo. Milano Centrale mkoba uwe mbele, ni kama stendi yoyote kubwa.

Siku ya kuondoka, kama mmenunua vitu dukani vya zaidi ya euro 75 kwa risiti moja Austria, au zaidi ya euro 70 Italia, mnaweza kudai sehemu ya kodi irudi, ila fomu muombe pale pale dukani na pasi mkononi. Vienna uwanjani nendeni forodha kabla hamjakabidhi mabegi, wanaweza kutaka kuviona vitu, sisi tulikuwa tumeshayaweka kwenye mkanda ndo nikakumbuka lile koti nililonunua.